Picha Haikumuua Mama Yako

Otilia mwanangu,

Umekwenda Mbinga mjini kukata tiketi, na Komba amekupakia kwenye pikipiki yake huku akikutania kwamba begi lako la kesho litakuwa zito kuliko wewe. Alikuwa anatania, lakini ni kweli. Nilikutazama ukipanda. Sketi uliyoshonewa kwa ajili ya mahafali umeibana kiunoni kwa pini, na ulipofika pale njia inapopinda ulishika mdomo kwa kanga ukakohoa. Umekuwa ukificha kukohoa kwako nyuma ya kanga, kana kwamba mimi ni kipofu. Mimi ni mgonjwa tu.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala kuchagua marafiki huko Tabora, wala kuwahi kazini. Utakuwa mwalimu kama nilivyokuwa mimi, na hayo utawaambia watoto wa watu mpaka uchoke. Nina jambo moja tu. Nimelimeza miaka mingi kama mtu anayemeza makohozi kanisani kwa kuona haya kutoka nje. Leo nalitema.

Juzi ulirudi kutoka hospitalini ukaniambia makohozi yako hayakuonyesha kitu, na daktari anataka upigwe picha ya kifua. Nikakuuliza utakwenda lini. Uliendelea kupepeta mchele, hukuniangalia.

"Siendi, Baba. Sitaki kufa kama Mama. Si wewe mwenyewe ulisema, pale kaburini?"

Ukaupeleka mchele jikoni, nami nikabaki barazani nikijinusa. Nimewahi kujichukia mara nyingi maishani, kila mtu hujichukia, lakini kujinusa ni kitu kingine. Nilikuwa na neno la kukuokoa, liko mdomoni, na nikalirudisha ndani kwa sababu lilikuwa linanuka aibu yangu.

Neno lenyewe ni hili. Picha haikumuua mama yako. Alikuwa anakufa kabla ya picha, na aliyemchelewesha ni mimi.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana ulikuwa mdogo na ulichopewa ni maneno yangu tu.

Unaijua kazi yangu hapa kijijini. Ualimu wa sayansi nilistaafu, lakini msibani sikustaafu. Mtu akifa, kabla hata maturubai hayajafungwa, anatumwa mtu kwangu: "Mwalimu, tunaomba utuandikie wasifu." Nakaa na wafiwa, nauliza marehemu alizaliwa wapi, alibatizwa na nani, ameacha watoto wangapi, ugonjwa ulianzaje. Kisha nasimama pembeni ya kaburi nasoma. Watu waliipenda sauti yangu. Na mimi niliipenda, Mungu anisamehe. Kuna siku nilisikia mtu amefariki ng'ambo ya bonde, na kabla ya kumwombea nikajikuta natafuta sentensi ya kuanzia.

Wasifu wetu una njia yake, kama mkondo wa maji unaojua pa kupita. Marehemu alianza kuugua. Akapelekwa zahanati. Akahamishiwa hospitali, ambako alipigwa picha. Hali yake iliendelea kubadilika hadi mauti yalipomkuta. Niliyaandika maneno hayo kwa watu wengi mno, mkono ukawa unayaandika wenyewe. Siku moja, nikitoka kumzika jirani, nikasimama njiani katikati ya mibuni nikajiona nimegundua kitu. Huyu alipigwa picha, akafa. Yule wa mwezi uliopita alipigwa picha, akafa. Na yule. Na yule.

Nilijiambia kwamba nawaza kama mtu wa sayansi. Mionzi nilikuwa nimeifundisha, nimeichora ubaoni, naijua inavyopita ndani ya nyama na kuacha kivuli cha mfupa. Najua pia kwamba mionzi mingi inadhuru mwili, na hilo ni kweli hata leo. Basi nikauchukua ukweli huo mmoja nikaufunga kamba moja na makaburi yetu, nikaenda nao kila msiba. Nikawa nawauliza watu: "Kama ni salama, mbona mpiga picha anajificha nyuma ya ukuta?" Watu waliguna kwa heshima. Hakuna kitu kitamu kama mguno wa watu waliokaa chini wakati wewe umesimama.

Jibu lilikuwa rahisi na nililijua. Anasimama nyuma ya ukuta kwa sababu yeye yuko pale kutwa, mwaka baada ya mwaka, na kila mgonjwa anayeingia. Mama ntilie anayeshinda jikoni moshi unamharibu macho. Wewe uliyeingia mara moja kuomba chumvi utapiga chafya utoke. Lakini jibu halikuwa na mguno ndani yake, kwa hiyo sikulisema.

Na kuna maswali mawili ambayo mtoto wa kidato cha kwanza angeniuliza kama ningempa nafasi. La kwanza: ni nani anayepelekwa kwenye chumba kile? Mwenye mafua hapelekwi. Anapelekwa yule ambaye tayari jambo baya linamtafuna ndani na daktari anataka kuliona. Ugonjwa ndio unaompeleka kwenye picha, na ugonjwa uleule, ukishinda, ndio unaompeleka kaburini. Mimi niliiona picha ikitembea mbele ya mauti nikadhani ndiyo inayoyaongoza.

La pili linanitia kinyaa zaidi. Wasifu husomwa kwa waliokufa. Hakuna anayesimama mbele ya watu kumsomea mtu aliyepona. Waliopigwa picha wakapona walikuwa palepale msibani, wamekaa kwenye mikeka, wananisikiliza, wanasubiri ubwabwa. Komba huyuhuyu aliyekupakia leo, mguu wake ulivunjika alipoanguka akikwepa lori la makaa ya mawe njia ya Ngaka. Walimpiga picha kabla ya kumfunga, wakampiga baada ya kumfunga, wakampiga tena walipomfungua. "Mwalimu," aliniambia, "mfupa wangu umezoea, siku hizi ukiingia mle unatabasamu wenyewe." Nikacheka, nikaenda kuandika wasifu mwingine. Siku ya kumzika mama yako, Komba alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Aliushuka mteremko wote kwa mguu ule, mbele ya macho yangu, na mimi nikiwa nimeshika karatasi inayosema picha inaua.

Mama yako alianza kukohoa tukiwa tunachuma kahawa. Ulikuwa unamfuata nyuma na kikapu chako kidogo, unachuma mbichi, yeye anazitoa bila kukugombeza. Tulidhani ni vumbi. Kahawa ikamenywa, ikaanikwa, ikauzwa, na kikohozi kikabaki. Akaenda hospitali. Makohozi hayakuonyesha kitu, kama yako. Akarudi jioni, akaketi kwenye kigoda, akavua viatu.

"Baba Otilia, daktari kasema nipigwe picha."

"Daktari hajawahi kuandika wasifu," nikamjibu.

Otilia, nimeyarudia maneno hayo kichwani miaka yote hii na kila mara natamani kumpiga kofi yule mtu aliyeyasema. Mama yako hakunipiga kofi. Unamjua alivyokuwa, mtoto wa ziwani, utani ulikuwa damuni. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata.

"Basi na Padri msiwe mnamwita," akasema alipopata pumzi. "Maana kila aliyempaka mafuta tumemzika."

Nikacheka na mimi. Nikaona ni mzaha mzuri, nikafikiri nitauchomeka mahali fulani msibani. Alikuwa amenieleza yote, kwa maneno machache, amekaa kwenye kigoda na miguu imemvimba, na mimi nikachukua kicheko nikaacha maana. Padri huitwa kwa mtu ambaye hali yake ni mbaya. Anampaka mafuta, mtu anakufa, na hata mlevi wa kilabuni hajawahi kusema mafuta yale ni sumu.

Nikamchemshia majani ya mkaratusi. Nikamtafutia asali. Nilikuwa mume mwema, kila mtu alisema hivyo, namfunika shuka kichwani avute mvuke, huku nikimnyima kitu kimoja alichohitaji. Alikuwa ananitii, si kwa sababu aliniamini, nadhani, bali kwa sababu alichoka kubishana na mtu anayeheshimiwa na kijiji kizima. Hilo nalo ulijue: heshima ya watu ni kitu kichafu ukiitumia ndani ya nyumba.

Mvua zilipoanza alishindwa kupanda kutoka kisimani. Nilimkuta amekaa chini kwenye majani, ndoo pembeni, matope mpaka magotini. Nikataka kumwinua. Akausukuma mkono wangu.

"Kesho nakwenda kupigwa picha," akasema. "Ukipenda tufuatane. Usipopenda, kaa uandike wasifu."

Tulifuatana. Daktari aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha. Upande mmoja wa kifua ulikuwa na mbavu na giza, kama inavyotakiwa. Upande wa pili ulikuwa mweupe, umejaa, kama ukungu unavyojaa bondeni mpaka huoni nyumba ya jirani. Maji. Kifua kikuu kilikuwa kimejificha kule miezi yote. Daktari alikuwa kijana, pengine nilimfundisha ndugu yake. Aliniuliza kwa upole sana:

"Mwalimu, mlikuwa wapi?"

Walimtoa mama yako maji, wakamwanzishia dawa, lakini mwili ulikuwa umeshaisha. Alifariki kabla hatujamaliza kupalilia mahindi.

Wasifu wake niliuandika mwenyewe. Watu walinikataza, wakasema mfiwa hasomi, nikawaambia hakuna mwingine atakayemsomea vizuri. Niliandika: alipigwa picha, na tangu siku hiyo hali yake ikabadilika. Tazama sentensi hiyo, Otilia. Haina uongo. Kila neno lingesimama mahakamani. Ndiyo maana inanitia kichefuchefu kuliko uongo wowote niliowahi kusikia, kwa sababu uongo wa mjinga unaonekana mwanya wake, lakini wangu ulikuwa umepigwa pasi. Nilichofanya ni kuondoa tu miezi iliyotangulia. Kigoda, mkaratusi, kisima, mkono wangu uliosukumwa, vyote niliviacha nyumbani.

Na nilipofika kwenye sentensi ile nikavua miwani, nikaongeza kwa mdomo: "Ndugu zangu, mionzi imeniulia mke."

Watu wakaguna. "Kweli, Mwalimu." Wewe ulikuwa umeshika kanga ya bibi yako, unanitazama. Nilikuona. Nilijua kwamba neno lile linaingia ndani yako na kwamba halitatoka, na sikulirudisha, kwa sababu neno lingine lililobaki lilikuwa "mimi".

Neno lile halikubaki kaburini. Lilishuka na ndugu za mama yako mpaka Lituhi, kule ziwani. Mama yako mdogo alipoanguka kwenye mawe ya ufukweni, nyonga ikaumia, akakataa picha. "Shemeji yangu ni mtu wa sayansi," aliwaambia, "na amezika." Nyonga ikajiunga yenyewe ilivyotaka. Unapokwenda kumsalimia unamkuta anaanika dagaa wa usipa akiwa ameketi, anajisogeza kwa matako kutoka mkeka hadi mkeka, na wewe ulikuwa unaona ni mazoea yake. Siyo mazoea. Ni wasifu wangu.

Halafu akaja yule jamaa anayejiita Mtaalamu. Unamkumbuka, mwenye kipaza sauti kwenye pikipiki, anasimama Kitai pale mabasi yanaposhusha: "Umepigwa picha? Mionzi bado imo! Toa mionzi mwilini! Hata Mwalimu, mtu wa sayansi, amemzika mke!" Anauza unga wa mizizi kwenye chupa za soda. Siku moja alipanda mpaka hapa nyumbani, ameshika jogoo.

"Shikamoo, Mwalimu wangu."

"Marahaba. Nikusaidie nini?"

"Umeshanisaidia, Mwalimu. Wewe ndiye uliyenifungulia njia. Nimekuletea kitoweo."

Mwanadamu mwenye aibu angemfukuza na jogoo wake. Mimi nilimwambia karibu. Tulimla yule jogoo, Otilia. Wewe ulikula paja. Niliuonja na ule unga wake, alikuwa ameniachia chupa: majivu na kitu kichungu. Kilichonikera siku ile si uongo wake. Yeye ni mchuuzi, angeuza hata matope. Kilichonikera ni kwamba alinisalimia kama mwenzake kazini, na hakukosea.

Sikuambii mionzi ni uji wa mtoto. Picha haipigwi kwa kujifurahisha. Uliza kila mara picha hii ni ya nini na itatuambia nini, na daktari mzuri hakasiriki akiulizwa. Lakini ukishapewa jibu, usiliweke kwenye mizani moja na hadithi za msibani. Nilikuwa na hofu ya kitu kidogo ambacho pengine kisingetokea kamwe, na kwa ajili yake nikakilea kikubwa kilichokuwa kinatokea kila siku mbele yangu, kinakohoa, kinapungua, kinaniandalia chai.

Kikohozi chako sikijui ni cha nini. Pengine ni kile cha mama yako, nacho siku hizi kinatibika na dawa zake hazilipiwi. Pengine ni kingine, pengine si kitu. Picha ndiyo itakayosema.

Sasa habari zangu. Ulipokuwa chuoni hukuambiwa kwamba tangu Pasaka na mimi nimeandikiwa picha. Miguu imevimba, nikilala naona nazama, na daktari anataka kuutazama moyo. Sikwenda. Wewe hukwenda kwa hofu, ambayo mimi nilikupa. Mimi sikwenda kwa haya tu. Niliona watu kwenye mabenchi ya hospitali wakinong'onezana: yule si Mwalimu? Niliona heri kuzama kitandani kuliko kuonekana kwenye foleni ile. Mzee wa umri wangu, na bado nafuga mguno wa watu kama mtu anayefuga chawa.

Kesho nakwenda. Nimemwomba Komba atafute gari la kubeba mahindi linipeleke hospitali, maana pikipiki siiwezi. Pia nilimnong'oneza akukatie tiketi ya basi la mchana la kwenda Songea, si la alfajiri, ili asubuhi yote iwe yetu. Ukirudi umekasirika, ukasirike na mimi, yeye ametumwa. Nilipomweleza sababu alikuna kichwa.

"Mwalimu, ukipigwa picha halafu ukafa, yule jamaa wa Kitai si atanunua gari?"

Ni kweli. Nitapigwa picha, na haitapita muda mrefu nitakufa, maana moyo huu umeshachoka na picha haitaufufua. Watu watapanga mambo mawili, picha na kaburi, kama nilivyowafundisha. Watasema, mwaona, hata yeye mwenyewe. Nitakuwa ushahidi wa uongo wangu, tena ushahidi bora kuliko wote.

Kwa hiyo nakuachia kazi. Wasifu wangu usimpe mtu mwingine auandike. Simama wewe, na usilainishe. Anza na kaburi lililo jirani na langu, useme mama yako alikohoa tangu kahawa mpaka mvua na ni nani aliyemzuia. Mama yako mdogo abebwe aje, awekwe mbele asikie. Wakiguna, waache wagune, endelea kusoma.

Sikulazimishi kuhusu kesho. Mdomo wangu hauna tena haki ya kukulazimisha jambo linalohusu kifua cha mtu. Nitakuwa nimekaa kwenye benchi, wa kwanza kabisa mlangoni, na pembeni yangu nitaweka kofia yangu kushika nafasi. Mistari ya mwisho ya wasifu nimekuandikia hapa chini. Wa mwisho kabisa nimeuandika bila ruhusa yako. Kama hautakuwa kweli, usiusome. Katika ukoo huu yametosha yaliyosomwa kaburini.

"Baba yetu alikuwa mgonjwa tangu kabla ya Pasaka, na alijua. Picha alipigwa baadaye, akiwa amechelewa, kwa hiari yake, mchana kweupe, watu wakimtazama. Haikumuua. Siku hiyo alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Wa pili nilikuwa mimi."

Baba yako